Osha Chumvi Kwanza: Mwongozo wa Kupiga Rangi Vyuma vya Mlango na Kizingiti

Katika miji ya mwambao, kuanzia Mtwara hadi Lamu, chuma cha mlango huzeeka haraka. Bawaba iliyopigwa rangi wakati wa kiangazi huanza kutoa michirizi ya kahawia kabla masika hayajaisha. Mwenye nyumba hulilaumu kopo la rangi, hununua jingine la bei ya juu, hupaka juu ya ile ya zamani, na mwaka unaofuata anarudia kazi ile ile. Mara nyingi rangi haina kosa lolote. Tatizo liko chini yake, kwenye chumvi, mafuta na kutu vilivyofunikwa badala ya kuondolewa.

Mwongozo huu unahusu vyuma vidogo vya mlango, yaani bawaba, makomeo, tumbuu, hendeli na mabamba ya vitasa, pamoja na kizingiti cha chuma kinachokanyagwa kila siku. Ni kazi ambayo asiye fundi anaweza kuifanya mwenyewe ndani ya siku chache kwa gharama ndogo. Anaweza hata kuifanya vizuri kuliko fundi anayekimbilia kazi nyingine, kwa sababu mwenye nyumba ana muda wa kuandaa. Na maandalizi ndiyo kazi yenyewe: umri wa rangi huamuliwa kabla kopo halijafunguliwa.

Kwa nini kutu hushinda rangi

Kutu huhitaji vitu vitatu: chuma, maji na oksijeni. Chumvi huongeza kasi kwa njia mbili. Kwanza, huvuta unyevu kutoka hewani na kuukalisha juu ya chuma. Pili, maji yenye chumvi hupitisha umeme kirahisi zaidi, na kutu ni mabadiliko ya kikemia yanayoendeshwa na mikondo midogo ya umeme katika chuma chenyewe. Ndiyo maana geti la Kigamboni au Nyali huliwa upesi kuliko geti la Dodoma au Nakuru, hata kama yote mawili yamepakwa rangi ya kopo moja.

Kutu pia hutanuka. Huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo huisukuma rangi kutoka chini mpaka inatoa malengelenge na kubanduka. Ukipaka juu ya kutu iliyolegea, rangi mpya itashika kutu, na kutu hiyo haijashika chuma. Vyote vitadondoka pamoja.

Tambua chuma chako kabla ya kwenda dukani

Chukua sumaku, hata ile ya spika iliyokufa, uisogeze kwenye kila kipande.

Ikinasa, hicho ni chuma cha kawaida au chuma kilichofunikwa na metali nyingine. Bawaba ya rangi ya dhahabu inayonasa sumaku si shaba. Ni chuma kilichopakwa tabaka jembamba la kung'aa. Kipande cha kijivu chenye mabaka yanayometameta kwa kawaida kimezamishwa kwenye zinki, kama mabati ya paa. Hiki usikikwangue mpaka chini, maana zinki ndiyo ngao yake. Wala usikipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta ya rangi hiyo hujibizana na zinki na kutengeneza kitu kama sabuni chini ya rangi, kisha rangi nzima hubanduka kama ganda.

Isiponasa, huenda ni shaba, alumini au aina fulani ya chuma kisichoshika kutu. Shaba halisi iache bila rangi. Isugue kwa ukwaju au ndimu kama ilivyozoeleka pwani, ioshe mara moja, ikaushe, basi. Kama nyumba yako iko Mji Mkongwe wa Zanzibar au mji wa kale wa Lamu, miji iliyomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, milango ya nakshi na misumari yake ya shaba haihitaji rangi yako hata kidogo. Na kabla ya kubadili chochote kwenye mlango wa namna hiyo, zungumza kwanza na mamlaka ya uhifadhi.

Tazama pia skrubu. Skrubu ya shaba kwenye bawaba ya chuma, katika hewa ya bahari, huharakisha kuliwa kwa chuma kilichoizunguka. Skrubu na bawaba ziwe za metali moja.

Vifaa

Orodha ni fupi: brashi ya waya, msasa namba 80, 120 na 220 (chagua ule unaostahimili maji), mswaki wa zamani, bisibisi, vitambaa safi vya pamba, tepu ya karatasi, brashi ya rangi ya inchi moja na nyingine ya nusu inchi, tina au tapentaini, praima (rangi ya msingi inayotangulia) na rangi ya mafuta. Ongeza glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa.

Lita moja ya rangi ya mafuta hufunika takriban mita za mraba kumi kwa mkono mmoja, yaani mpako mmoja, na vyuma vyote vya milango ya nyumba ya kawaida havifiki hata mita mbili. Nunua kopo dogo kabisa, na fedha unayookoa iweke kwenye praima nzuri. Kwa chuma cha kawaida tafuta praima ya kuzuia kutu. Kwa mabati ya zinki na alumini tafuta praima ambayo maelezo ya kopo lake yanataja metali hizo kwa jina. Nunua praima na rangi za kampuni moja inapowezekana, ili zikubaliane.

Kuna dhana moja inayogharimu watu wengi. Mageti, grili na fremu kutoka kwa mafundi wa kuchomelea hufika nyumbani zikiwa na rangi nyekundu iliyofifia, na wenye nyumba huziacha hivyo kwa miezi wakisubiri fedha za kumalizia. Ile nyekundu ni praima. Ina vitundu vidogo visivyoonekana vinavyopitisha unyevu, na haikutengenezwa kukaa nje bila kufunikwa. Mara nyingi pia imepulizwa juu ya magamba ya kuchomelea bila kusafishwa. Kama fremu yako imekaa hivyo kwa muda mrefu, usipake rangi juu yake ukadhani hatua ya praima imekwisha. Gonga magamba yote kwenye viungo yatoke, piga msasa, uanze upya.

Rangi ya zamani na hatari ya risasi

Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu, machungwa na manjano, huenda zina madini ya risasi. Viwango vya Afrika Mashariki sasa vimeweka ukomo wa sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni za rangi, lakini mlango uliopakwa miaka mingi iliyopita haujui kiwango hicho. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Madini hayo huathiri ubongo unaokua.

Kwa hiyo, rangi ya zamani usiyoijua historia yake usiisugue ikiwa kavu, usiichome kwa moto, na usitumie mashine inayotimua vumbi. Lowesha msasa na chuma, sugua polepole, futa tope kwa kitambaa kabla halijakauka. Tandika plastiki chini, kusanya mabaki yote, yafunge na uyatupe. Watoto na wajawazito wakae mbali mpaka umalize kupiga deki. Osha mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Chagua siku na saa

Mwambaoni, chuma hulala na umande. Hata ukikiona kikavu saa moja asubuhi, kinaweza kuwa na utando wa maji usioonekana. Kanuni ya mafundi wa rangi za viwandani ni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutunga. Nyumbani pima hivi: pangusa chuma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kikikauka chenyewe ndani ya robo saa, endelea. Kisipokauka, subiri.

Kwa sehemu nyingi, saa nzuri ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, ukifuata kivuli. Mlango unaotazama magharibi upake asubuhi; unaotazama mashariki upake mchana. Chuma kinachochoma mkono hukausha ngozi ya juu ya rangi upesi huku ndani ikiwa mbichi, na hapo mapovu hutokea. Ukiweza, epuka masika na vuli. Na siku upepo wa baharini unapovuma kwa nguvu, fanya kazi ya kusugua na uache ya kupaka, kwa kuwa upepo huo hubeba chumvi na vumbi.

Hatua kwa hatua: bawaba, makomeo na hendeli

1. Vua kinachovulika. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua, ili ujue kila kipande kilivyokaa. Ondoa hendeli, makomeo, tumbuu na mabamba. Bawaba zifungue moja moja, na mlango uwe umewekewa kabari chini, usije ukaning'inia na kupinda. Skrubu iliyoganda usiilazimishe. Chokonoa rangi ndani ya mfereji wake kwa ncha ya msumari, dondoshea mafuta ya kulainisha, subiri, kisha ikaze kidogo kabla ya kuilegeza. Bawaba iliyochomelewa ibaki mahali pake, na uzunguke kingo zake kwa tepu.

2. Osha kabla ya kupiga msasa. Hapa ndipo wengi hukosea mpangilio. Ukianza na msasa, unasukuma chumvi na mafuta ya mikono ndani ya mikwaruzo, na huko hayatoki tena. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki, kisha suuza, rudia, suuza tena. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua. Kausha kwa kitambaa papo hapo.

3. Toa kutu. Anza na brashi ya waya kuangusha iliyolegea, kisha msasa namba 80 mpaka uone chuma kinang'aa au kutu iliyobaki iwe ngumu na nyembamba. Pita na namba 120, halafu namba 220 kulainisha ukingo ambapo rangi ya zamani inakutana na chuma kitupu. Pitisha kidole: usihisi ngazi. Rangi ya zamani iliyoshika imara huna haja ya kuiondoa. Ikwaruze tu ipoteze mng'ao ili rangi mpya ishike.

Vipande vidogo vyenye kutu hadi pembeni unaweza kuviloweka kwenye siki usiku kucha, kisha kuvisugua kwa mswaki. Ukivitoa, visuuze, vichovye kwenye maji yenye magadi ya kuokea kidogo ili kuua asidi, visuuze tena, uvikaushe juani. Usiloweke kitu chenye zinki, kwa sababu siki itaila. Na kamwe usichanganye siki au ndimu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

4. Futa kwa tina. Tumia vitambaa viwili, cha kwanza chenye tina na cha pili kikavu, ukifuta kabla tina haijakauka yenyewe. Baada ya hapo usiguse chuma kwa mkono mtupu.

5. Piga praima siku hiyo hiyo. Chuma kilichosafishwa hakina kinga yoyote, na katika hewa ya bahari kinaweza kuvaa wekundu mwembamba wa kutu ndani ya saa chache. Safisha tu kiasi unachoweza kukipaka kabla ya jioni. Anza na kingo, matundu ya skrubu na pembe, kwa sababu rangi inapokauka hujivuta kutoka kwenye ncha kali na kuziacha nyembamba. Kisha paka uso mzima.

6. Piga mikono miwili ya rangi, kila mmoja mwembamba. Mkono mmoja mzito hutiririka, huchelewa kukauka na huziba viungo. Soma kopo ujue muda wa kusubiri kati ya mkono na mkono. Kwa rangi nyingi za mafuta, usiku mmoja unatosha. Kati ya mikono hiyo pitisha msasa namba 220 kwa wepesi, futa vumbi, endelea. Vichwa vya skrubu vipake vikiwa vimechomekwa kwenye kipande cha boksi.

Ukitumia rangi ya kupuliza, tikisa kopo dakika nzima, simama umbali wa sentimita 25 hadi 30, na upite mara nyingi kwa wepesi huku mkono ukiendelea kutembea. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko.

7. Jua mahali pasipopakwa. Pini ya bawaba na mahali inapozungukia pasipate rangi. Paka grisi kidogo. Ulimi wa kitasa, tundu la ufunguo na ufito wa komeo unaoteleza viache vitupu, au uvifunike kwa tepu wakati wa kazi. Ndani ya tundu la ufunguo usitie mafuta ya kupikia, yanayoganda na kushika vumbi. Unga wa grafiti ya penseli hufanya kazi vizuri na haugandi.

8. Rudisha bila haraka. Rangi ya mafuta hukauka juu ndani ya saa kadhaa, lakini huchukua siku kadhaa kukomaa. Ukikaza skrubu mapema, bamba litaacha alama na rangi itachanika. Mlango uliopakwa ukifungwa mapema hugandana na fremu. Uache wazi kadiri usalama unavyoruhusu, na pale chuma kinapogusana na chuma pitisha mshumaa mkavu au poda kidogo.

Kizingiti: mahali penye kazi nzito zaidi

Bawaba hupambana na hewa. Kizingiti hupambana na hewa, mchanga, maji ya deki na miguu. Katika nyumba nyingi za kwetu watu huvua viatu hapo hapo, kwa hiyo kizingiti chenye kutu inayochanika kinakanyagwa na miguu mitupu, ya watoto na ya wazee. Hiki ndicho kipande cha kwanza kukishughulikia ukiwa na muda mdogo.

Anza kwa kukagua mstari ambapo chuma kinaingia kwenye saruji au marumaru. Chuma kilichozama ndani ya saruji nzima hulindwa na saruji hiyo, lakini kwenye mstari wa kutokea maji hutuama na kuila pembe kidogo kidogo. Chokonoa uchafu wote kwenye ufa huo kwa bisibisi bapa. Bonyeza chuma kwa nguvu. Kikibonyea au kutoboka, rangi haitakiokoa. Mwite fundi wa kuchomelea akikate na kukibadilisha, kisha urudi kwenye mwongozo huu. Kama saruji ni mpya, ipe takriban wiki nne ikomae, kwa kuwa ukali wa saruji mbichi huharibu rangi ya mafuta.

Osha, sugua na ufute kama ilivyoelezwa. Kizingiti kipate mikono miwili ya praima, na kingo zake zipakwe kwanza kila mara. Rangi ya kawaida ya mlango huchubuka upesi hapa, kwa hiyo chagua rangi ya sakafu au epoksi ya makopo mawili inayochanganywa kabla ya kupaka. Epoksi ni ngumu sana, lakini fuata vipimo vya kopo kikamilifu na uchanganye kidogo kidogo, maana ikishachanganywa huganda ndani ya muda mfupi hata usipoitumia. Juani epoksi hupauka na kutoa unga. Kizingiti cha nje kifunikwe na mkono wa rangi ya poliyurethani.

Rangi laini inayong'aa huteleza ikilowa. Nyunyizia mchanga laini uliochekechwa, kuoshwa na kukaushwa juu ya mkono wa kabla ya mwisho ungali mbichi; ukikauka fagia uliozidi, kisha paka mkono wa mwisho. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwa sababu utarudisha chumvi uliyohangaika kuiondoa. Rangi ikikomaa, ziba ufa kati ya chuma na marumaru kwa silikoni. Matundu ya kutolea maji kwenye reli za milango ya kusukuma yaachwe wazi, na mahali magurudumu yanapopita pasipakwe rangi.

Panga pia watu watakavyopita. Kama kuna mlango wa nyuma, maliza kizingiti kimoja kabla ya kugusa kingine. Kama ni chumba chenye mlango mmoja, weka ubao imara juu ya matofali mawili, uvuke kizingiti bila kukigusa. Waambie wa nyumbani mapema, na majirani wa uani pia. Usikikanyage kwa saa 24 za mwanzo, na kwa wiki nzima usiburute jiko, ndoo wala mtungi wa gesi juu yake.

Kumaliza kazi kwa usalama

Usisafishe brashi kwa petroli. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Tumia tapentaini au tina, mbali na jiko. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta usivikunje na kuvirundika pembeni, kwa sababu vinaweza kujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka. Vianike kimoja kimoja nje mpaka vikauke kabisa, ndipo uvitupe. Mabaki ya tina usiyamwage mtaroni. Yaache kwenye chupa iliyofungwa, rangi itatuama chini, na tina ya juu utaitumia tena.

Matunzo ya mwaka mzima

Kazi nzuri hudumu kwa kutazamwa. Kila mwezi, pangusa vyuma vya mlango kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, hasa upande unaotazama bahari. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, kagua kila bawaba, kila skrubu na mstari wa kizingiti. Ukiona mchubuko wa ukubwa wa ukucha, usisubiri uwe kiganja: osha, piga msasa, praima, mikono miwili. Kwa ajili hiyo hifadhi rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi juu, uandike jina la rangi na tarehe. Ukarabati wa doa moja ni kazi ya muda mfupi kila siku kwa siku chache tu, na ukiufanya kwa wakati hutalazimika kuvua mlango mzima tena kwa miaka mingi.